Siku Baba Alipofuta Mafuta

Enzi zetu sisi, wenzangu, bunduki ikishushwa ukutani mwanamke anafunga mdomo. Baba akikaa nayo kwenye upenu, mama haongei naye, watoto hatuongei naye, mpaka airudishe kwenye msumari. Ukiongea, eti risasi inapotea. Alikuwa na sauti ya pipa tupu, baba: "Mdomo wa mwanamke unapinda mtutu!" Nikimwigiza hapa Guangzhou, Uchina, mwanangu anacheka mpaka anaangusha jinzi anazofunga kwenye marobota. Mimi sicheki.

Kwetu ni Tabora, ndani huko kwenye asali. Tulikula michembe ya viazi na karanga, ugali na nsansa ya majani ya kunde, tukacheza rede mpaka magoti yakaota sugu kama ya mbuzi. Baba akipata swala, kijiji kizima kinanusa. Nyama inaning'inia kwenye moshi, mafuta yanadondoka, jivu linalia chwii, chwii. Watoto wa siku hizi nyama wanaijua imefungwa plastiki, haina hata nzi wa kuisifia.

Mwaka ule baba aliniahidi shule. "Kalunde, nikikausha nyama ya kutosha tutauza, utavaa sare uende misheni na wenzio." Mimi nikaanza kutembea kama mwanafunzi kabisa, kipande cha kibuyu kifuani, eti ndio daftari. Shida bunduki. Mti wa kitako ulikuwa umelika pale chuma kinapolala, chuma kinacheza. Analenga swala, anaua kichuguu.

Miaka yote alikuwa anajaza nta ya nyuki. Anafuta chuma kikauke kabisa, maana nta haishiki penye mafuta, halafu anakilaza. Lakini jua likiwaka nta inalainika, mchezo unaanza upya. Ndipo baba mdogo, yule dereva wa lori, akaleta gundi ya mjini, mirija miwili ya kuchanganya, ikikauka inakuwa jiwe. Baba yuko kwenye mizinga ya nyuki. Baba mdogo akaifungua bunduki, akapaka chuma mafuta ya kondoo kila kona, huku anaongelea puani kama kawaida yake: "Shemeji, haya mafuta yasiguswe! Gundi ikikuta chuma kikavu inakioa, hakuna talaka. Mwambie kaka." Akaenda zake kwenye pombe.

Baba akarudi kwa nyuma ya nyumba, moja kwa moja kwenye upenu. Mama anatoka jikoni kumwambia, anakuta bunduki iko mapajani tayari.

Baba anaangalia chuma kinang'aa. "Mpumbavu huyu, kapaka mafuta! Itashika vipi?" Akachukua kitambaa na jivu, akafuta. Anafuta huku anapiga mluzi. Mama kasimama, mdomo unafunguka, unafungika. Akakohoa. Baba: "Sssh!" Mama akaenda kuchukua kopo la mafuta, akaliweka mbele ya miguu yake. Baba akalisukuma kwa kisigino, hata hakutazama.

Akachanganya, akajaza, akakilaza chuma, akafunga na mpira wa baiskeli, akakaa ameibana mapajani mpaka jua likazama. Halafu akaitundika kwenye msumari, akanyoosha mgongo. "Haya, chakula."

Ndipo mama akasema.

Asubuhi waliimwagia maji ya moto ili chuma kiachie kitako, wakaiweka kwenye makaa, wakagonga nyundo. Wapi! Triga yenyewe imezama kwenye gundi kama inzi kwenye asali. Mwisho kitako kikapasuka kwa urefu, chuma kikapinda. Baba mdogo anacheka kwa pua. Baba akamgeukia mama: "Mbona hukuniambia?"

Mama, sauti ndogo, hata mimi mwigaji siiwezi: "Ilikuwa mapajani, Baba Kalunde."

Bunduki nyingine hatukuwa nayo. Kile kitako mama alikifanya kuni, akapikia ugali. Shule haikutajwa tena nyumbani kwetu, na mimi sikuuliza, maana mtoto wa kike haulizi. Wenzangu walipopita na sare zao nilikuwa nakwenda kukaa nyuma ya ghala.

Sasa juzi mkwe wangu anaunga gurudumu la kitoroli anachobebea mizigo kule Zhanqian, kwenye soko la nguo. Gundi ile ile, mirija miwili. Mjukuu wangu Gloria, kichwa hakifiki mezani, huyo: "Baba, unakosea! Soma hapa, wanasema usafishe kwanza!" Enzi zetu hapo kofi limeshafika kabla neno halijaisha. Mkwe wangu anacheka tu: "Asante, bosi wangu." Na bosi akanigeukia mimi: "Bibi, wewe kwenye treni ya metro unafuata rangi tu kama mtoto. Huoni wameandika?"

Naona, mama. Naona wameandika.

Kizazi hiki kina midomo, wenzangu. Yule mtoto anamjibu mpaka tajiri wa Kichina dukani, "mei you" kwa "mei you", hamna kwa hamna, na mimi namtania, namwita kasuku wa Baiyun, hapa mtaani. Sisi tulikuwa na adabu. Wageni walikuwa wanamsifia baba, nyumba yako tulivu. Lakini Gloria akinyamaza tu, hata akiwa amelala, nashtuka. Namfinya sikio. Ongea, wewe. Ongea.