Mstari wa Machweo

Wewe msiri wangu, nikuambie kitu ambacho kidogo nikiharibu, na mtu aliyenizuia.

Tulikuwa tunasoma jioni pale Kirongwe, kisiwani kwetu, kwenye jengo la kijiji la enzi za Ujamaa. Humo humo mama yangu alifundishwa kusoma. Mwalimu wetu alitoka bara, Mkristo, mtu wa taratibu, akitufundisha kuandika programu za simu. Yangu ilikuwa ya kutuma mialiko. Sehemu ya kalenda ya Kiislamu sikuiandika mimi. Niliichukua kwenye maktaba ya programu, mistari iliyoandikwa na watu wengi wasiojuana, na yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha.

Jirani yangu mjane alitaka kumsomea marehemu mumewe hitima usiku wa Ijumaa. Akaniomba nimwalikie watu.

Basi kila nikijaribu, kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu yawe lugha ya mashine, inatoa onyo: "machweo" imehesabiwa, haijatumika popote. Na programu inakwenda tu.

"Mwalimu, naufuta mstari huu. Kelele zimenichosha."

"Mama, mtu akikupigia hodi unamfungia mlango?"

"Akiwa mmbea, namfungia."

Akacheka, ila hakuniachia. "Mstari si wetu peke yetu. Kwanza tujue aliyeuandika alitaka nini. Mimi sioni jua kuzama linaingiaje kwenye tarehe. Wewe unaona?"

Hapo nikaona. Kwetu jua likizama siku imeshageuka. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Mwandishi alihesabu machweo, akasahau kugeuza siku. Nikaufungua mwaliko: unawaita watu Ijumaa jioni. Jirani yangu angekaa Alhamisi na masinia ya pilau, hana wa kumuitikia dua.

Nikaandika mstari uliosahaulika, onyo likaondoka lenyewe. Mwalimu akanisaidia kuwapelekea wenye maktaba, wakaupokea. Nilitaka aweke jina lake, akakataa. "Siku yenu inaanza saa ngapi, nimejua leo kwako."

Alhamisi ile wasomaji walijaa hadi uani. Jirani alikuwa anapakua huku anafuta machozi, akaniambia, "Leo marehemu hakuwa peke yake, mwanangu."

Mwalimu yule namuombea kila sala. Nawe wasimulie haya wenzako wanaoandika mistari itakayotumiwa na watu wasiowajua.