Punje ya Mwisho wa Mtutu

Kilichonirudisha kwenye karakana ya baba yangu kilikuwa kipakiti cha plastiki kisichozidi kiganja cha mkono, na nilikiona nikiwa mbali sana na nyumbani, katika chumba cha kupimia macho mtaa wa Al-Naseem, Riyadh. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, ndege zilipokuwa zikishuka zimejaa wanawake wa Kenya waliokuja kufanya kazi za nyumbani. Sisi wachache wenye vyeti tulikuja katika wimbi lilo hilo, mimi, mzaliwa wa Arusha, nikiwa mpima macho kwa mkataba. Asubuhi hiyo aliingia mzee mmoja wa Kisaudia, ameshikwa kiwiko na mfanyakazi wa nyumbani kwao. Mwanamke huyo wa Kikenya ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, maana Kiarabu changu cha wakati huo hakikuvuka salamu. Mzee akakiweka kipakiti mezani.

“Dada, baba anasema mafi kuona ile kitu ya mbele ya bunduki,” mwanamke akaniambia, akichomeka ‘mafi’, Kiarabu cha ‘hakuna’. “Ameleta mbili, nyekundu na kijani. Anataka umwambie ni gani ataona, ndio fundi wa Al-Sulay amuwekee.” Kisha akashusha sauti, ingawa mzee hakujua Kiswahili. “Mimi nililetwa hapa kupika. Sasa hata bunduki ni yangu.”

Nilikitoa kile cha kijani kwenye kipakiti nikakiinua kuelekea dirishani. Ni ufundi wa siku hizi: kijiti chembamba cha plastiki angavu kinachonyonya mwanga ubavuni na kuutoa nchani, kikafanya nukta inayong’aa bila betri, ili jicho lililochoka lipate mahali pa kushika. Chini yake kuna kikalio cha chuma, kipana chini na chembamba juu, cha kuingia kwenye mfereji uliochongwa mwisho wa mtutu. Plastiki ile ilikuwa ngeni kwangu. Kikalio nilikitambua kwa vidole.

Baba alikuwa fundi wa bunduki za kuwindia, pale Arusha. Karakana yake ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya nyumba, na ukifumba macho ungeijua kwa harufu: mafuta ya taa, mafuta ya kitani ya kupakia mbao za vitako, na, kupitia ukuta mwembamba wa jikoni, makande ya mama yakichemka tangu alfajiri. Mwezi wa sita ndio uliokuwa wetu. Ukungu wa Meru ulishuka hadi mlangoni, na wawindaji wenye vibali walileta silaha zao kabla msimu haujafunguliwa. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuchemsha maji ya kusafishia mitutu na kufagia vumbi la shaba mezani kwa unyoya wa kuku.

Kulikuwa na aina moja niliyoipenda kuliko zote. Chini ya kifyatulio ilikuwa na wenzo wa chuma. Mpigaji akiushusha, ganda linaruka nje, akiupandisha, risasi nyingine inaingia. Baba aliiita bunduki ya kukamua, na kweli, mkono uliokuwa ukiujaribu wenzo ule ulikwenda kama mkono wa mama kwenye kiwele. Na ile ncha ya kulengea, iliyo mwisho wa mtutu, aliiita punje. Enzi hizo hatukuwa na plastiki ya kunyonya mwanga. Punje ilikuwa ya shaba ya njano, au ya jino la ngiri lililosuguliwa mpaka likawa dogo kuliko mtama, jeupe, lionekane hata kwenye kivuli cha kichaka.

Natamani ungemwona akiipachika. Mtutu uliviringishwa ngozi ndipo ukabanwa kwenye jiriwa. Punje kuukuu ilisukumwa itokee kulia, na mpya iliingizwa kutokea hukohuko kulia, na hakuna siku aliyogeuza utaratibu huo. Ikikataa kuingia, alipiga tupa kikalio, kamwe si mfereji, kwani kikalio kikiharibika utachonga kingine, lakini mtutu ukiharibika umekwisha. Kisha nyundo ndogo juu ya kipande cha shaba, tik, tik, akisikiliza. Na mwenye bunduki akirudi na karatasi aliyoijaribia, matundu yakiwa yameegemea kushoto, baba aliisogeza punje kushoto vilevile. Nilipomuuliza kwa nini si kulia, alinijibu kwamba punje hulifuata kosa, na kosa ndiyo njia ya kurudi katikati. Sikuelewa, nilikariri tu.

Nilikuwa na miaka kumi alipoanza kuniita kutoka jikoni. “Mwanangu, njoo uniazime macho.” Nilisimama mbele ya jiriwa nikamwambia kama punje iko katikati. Nilidhani ananifundisha kazi, nikavimba kichwa. Lakini wiki hizo hizo alikuwa amepiga teke ndoo ya maziwa iliyoonekana wazi kabisa kando ya mlango. Kopo la skrubu lililokaa kushoto kwake aliliangusha kwa kiwiko mara tatu, na mara ya tatu nikacheka. Hakucheka nami. Aliinama akaziokota skrubu kwa kupapasa, halafu akasema, “Usimwambie mama yako. Atakosa raha bure.”

Sikumwambia. Miaka miwili nilikuwa jicho la baba yangu, na siri ile niliibeba kama nishani.

Iliisha kwa kosa langu. Mteja mmoja, mrefu, mwenye mzaha mwingi, alileta bunduki yake ya kukamua pamoja na karatasi: risasi zilikuwa zimekwenda kushoto, vidole vinne kutoka katikati. Baba alinikabidhi nyundo, yeye akashika kipande cha shaba. Aliniambia kushoto, kidogo tu. Nami nilikuwa nimesimama upande wa mdomo wa mtutu, nikitazamana naye; kushoto kwangu kulikuwa kulia kwa bunduki. Nikamwongoza mkono, nikagonga. Akauliza, “Imesogea?” Nikajibu imesogea. Fundi mwenye macho angeona. Yeye aliipangusa bunduki akairudisha kwenye mfuko wake.

Mteja alirudi baada ya siku mbili, wateja wengine wakiwa wamekaa kwenye benchi. Aliitandaza karatasi mpya juu ya meza. Matundu yalikuwa vidole vinane kutoka katikati. “Fundi,” akasema akicheka, “siku hizi unafanya kazi umefumba macho?”

Benchi lote likacheka. Baba akaweka kiganja juu ya karatasi kana kwamba anaisoma kwa ngozi. “Ni mkono wangu, mzee,” akasema. “Uliteleza.” Hakugeuza uso kunielekea.

Msimu ulifunguliwa bila bunduki hata moja mezani kwetu. Ndipo mama akamshika mkono wakaenda hospitali, nami nikafuata nyuma. Daktari alisema ni presha ya macho: huanza kula pembeni, polepole, bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Angeletwa miaka miwili kabla, alisema, dawa ya matone ingeyalinda yaliyobaki. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na mama hakutamka neno njia nzima. Niliuchukua ukimya ule kuwa hukumu yangu. Nilipofika kidato cha pili, baba hakuweza tena kutofautisha mlango na dirisha. Nilipochagua kusomea macho watu walinisifu kwa moyo wa huruma, nami nikawaacha waamini hivyo.

Basi siku ile Al-Naseem nilimpima mzee kabla sijajibu habari ya rangi. Presha ilikuwa juu, na mshipa wa jicho umeanza kuliwa kingoni. Mwanamke alikuwa akiutazama uso wangu.

“Dada, nyumbani anagonga milango,” akasema taratibu. “Ameniambia nisiseme kwa kijana wake, na huyo kijana ndiye kafili wangu aliyenidhamini kuja, ikama yangu ya kuishi huku iko kwake. Nikisema, baba atanichukia. Nikinyamaza, sijui.”

“Hili si lako kubeba, mdogo wangu,” nikamwambia. “Mfasirie nitakayosema, neno kwa neno.”

Nilimwambia mzee kwamba ataiona ya kijani, na kwamba itamdanganya: ataendelea kuiona nukta ile huku kila kilicho pembeni yake kikipotea. Matone yaanze leo, na mwanawe aitwe leo. Mkalimani wangu alikwama mara tatu, akaendelea. Mzee alikigeuzageuza kipakiti, kisha akasema neno moja fupi.

“Anasema mwite.”

Muda wote niliobaki Riyadh alikuja na mwanawe kupimwa. Baadaye nilihamishiwa Jeddah, nikapanga chumba Al-Hamra, na Ijumaa moja nilimpigia mama simu nikamweleza yote: ndoo, skrubu, nyundo, kushoto kwangu. Baba alikuwa ameshafariki. Nilimsikia mama akisogeza kigoda, akakaa.

“Mimi nilikuwa namwekea kijiko upande wa kulia, kila siku, akipate,” akasema. “Aliniambia nisikwambie wewe. Ungeogopa, ungeacha shule.”

Karakana haipo tena. Aliyenunua kiwanja alijenga vyumba vya kupangisha, na sijui kama yupo mtu pale mjini anayesugua jino la ngiri. Hayo nayaomboleza kama yeyote anavyoomboleza utoto wake. Lakini kinachoniamsha nikiwa huku ugenini ni ile meza ya chakula, makande yakitoa mvuke, mama akisogeza kijiko na mimi nikisogeza kikombe, kila mmoja akijihadhari mwenzake asigundue. Tulikuwa watatu pale, wote tunajua, na hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu.