Shafti Mbili za Mashine ya Hasamba

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya mavuno pale Hasamba, mashine ya kusaga ya mama yangu ikiwa imenyamaza siku ya nne. Shafti ya injini ilikuwa imevunjika, kile chuma kirefu chenye mapindo kinachozunguka ndani na kugeuza vingine vyote. Kina mama walikuwa wamepanga madebe yao ya mahindi mlangoni, na wengine wameanza kuyapeleka kwenye mashine ya Nanyala. Mama hakulalamika, ila alikuwa akifagia chumba cha mashine mara tatu kwa siku, nami nilijua anaumia.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Ufundi nilikuwa nimejifunza miaka miwili, mdomo miaka kumi. Nami nilikwisha kupata dawa: shafti ya injini kama yetu, niliyoifungua kwenye jenereta bovu la shamba la zamani la kahawa. Nene, nyeusi, nzito. Nilipojitwika nilihisi shingo inazama. Fundi wetu, Mzee Simbeye, naye akarudi kutoka Tunduma na shafti mpya. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na vipuri vilimiminika mpakani, vizima kwa vibovu. Yake ilionekana nyembamba, inang'aa. Nikacheka mbele za watu.

"Mzee, hii si ya kuchokonolea meno? Ya kale dhahabu, bwana."

Mzee Simbeye alikuwa mtu mfupi, mpole, mzaliwa wa Ibaba kule milimani, na mpaka leo sijaona mikono yenye akili kama ile. Alifunga kila shafti kwa kamba ya katani, akazining'iniza kwenye boriti, akachukua nyundo ndogo. Akaigonga yangu: ko. Akaigonga yake, nayo ikalia, ikaendelea kulia mpaka kina mama wa foleni wakageuka.

"Debe tupu haliachi kuvuma," nikasema. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Mungu anisamehe.

Bado hakukasirika. Akazilowesha zote mbili kwa mafuta ya taa, akaziacha kwa muda, kisha akazifuta kwa kitambaa mpaka zikakauka. Hapo mafundi wa mjini hutumia chaki. Yeye aliinama chini ya mashine, akakusanya vumbi la unga lililobaki, akazinyunyizia mpaka zikawa nyeupe. Akagonga tena taratibu, tukangoja. Shafti mpya ikabaki nyeupe vilevile. Kwenye yangu, pale penye pindo, ukajichora mstari mwembamba kama unywele. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanatoka na kuulowesha unga.

"Dada yako Tumaini," akauliza, "akimimina mahindi husimama wapi?"

Alikuwa akisimama hatua moja tu kutoka kwenye gurudumu zito la injini. Shafti ikikatika injini ikiwa kwenye mwendo, gurudumu lile halichagui pa kwenda. Hilo nilikuwa nalijua tangu mwanzo, wala sikuliwaza hata mara moja. Nikakaa juu ya gunia.

Kisha nikarukia upande wa pili, ndivyo ujana ulivyo. "Kumbe vya zamani vyote takataka!"

Hapo ndipo alipokasirika.

"Nani kasema? Hiyo imezunguka tangu hujazaliwa, imechoka kwa kazi. Iheshimu! Na juzi kule Tunduma nimening'iniza mpya tatu mlangoni kwa muuzaji, nikazigonga, mbili hazikuitika. Nusura anifukuze, sikuondoka mpaka nikapata hii. We kijana, unakiuliza chuma umri wake. Mimi nakiuliza kama ni kizima."

Kesho yake mashine ilinguruma, na mama akaacha kufagia. Tumaini alisimama palepale alipozoea, akimimina mahindi na kuimba, asijue lolote. Sikuweza kumwambia mpaka alipokuwa na wajukuu.

Basi, mwanangu, sisi wazee tutakuambia ya kale dhahabu, na wenzako watakukimbiza kwenye kila kilichoingia jana. Wahenga walishasema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Usituamini sisi wala wao mpaka uwe umegonga na kusikiliza. Usimchague mtu, wala shauri, wala chombo kwa umri wake. Na kabla hujacheka kazi ya mwenzako, jiulize ni nani anayesimama karibu na gurudumu lako.

Mungu akupe mikono ya Mzee Simbeye, na subira yake akuongezee. Na siku dunia itakapokupigia nyundo, mwanangu, uitike kwa sauti ya chuma kizima.