Neti yangu kwa mufereji wa kanisa

Mukicheka mucheke tu, mi mwenyewe nilikawia sana mbele ya kuweza kusema hii mambo bila kufunika uso na kitenge. Ata sasa, nikipita nyuma ya kanisa yetu hapa kambini Dzaleka, kuko mama moja wa korali akiniona anaanza kukohoa, na mi najua ile si kikohozi.

Ilianza na kitu kidogo. Nilienda Lilongwe kununua vitambaa kwa soko ya Tsoka (mi nashona, njo kazi yangu), nikapita kwa muteja wangu wa Area 18, na pale nikaona bameweka vyuma kwa mudomo wa mufereji, takataka inakwama, maji inaendelea safi. Nikasimama naangalia mpaka mulinzi wa nyumba moja akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Maana kwetu, ule mufereji wa nyuma ya kanisa unabeba yote, majumbo, ile mifuko ya plastiki, chupa, pampers ya batoto, inateremuka mpaka kwa mutoni kwenye tunafulia nguo. Nikasema hapana, hii lazima ikome. Vyuma sina, lakini mustikeri ya zamani niko nayo, ile neti ya kulalia. Basi siku ya posho, ile Jumamosi, kesho yake ni ibada, nikaikunja mara mbili (hapa njo ile masomo ya jioni yenye nasoma ilinidanganya, nilisema hii ni filtre, chujio, kadiri matundu iko kidogo inakamata mingi), nikaifunga kwa miti mbili na mafundo ya kamba ya gunia, ile haifunguke.

Mume wangu akasema, "Mama Rebeka, na mvua ikikuja?"

"Baba Rebeka, maji inajua njia yake."

Pembeni ya ule mufereji anaishi Mama Neema, mujane na batoto yake, kwa nyumba ya matofali mabichi yenye haikuchomwa. Matofali kama ile ikikunywa maji inarudia udongo. Hiyo nilijua. Sikuifikiria tu.

Kesho yake, katikati ya ibada, mvua ikashuka. Munajua mvua kwa mabati, husikie ata sauti yako mwenyewe. Na sisi mvua ikianza hatunyamaze, tunapandisha wimbo, ngoma inaongezwa, na mi njo nilikuwa mbele naongoza sifa na robo yangu nyeupe, ile kanzu ya korali, namushukuru Mungu juu ya mahindi. Mara Mama Neema anaingia, amelowana mpaka nywele, anatetemeka, anapunga mikono juu, kinywa wazi, na hakuna mwenye anasikia anasema nini.

Tukasema, Roho ameshuka! (Mama yule, tangu tumujue, hakuchezesha ata kidole kanisani.) Bamama bakamuzunguka, mi nikamuwekea mikono kwa kichwa, nakaza, akitaka kuponyoka nasema ni shetani anapigana. Akanishika masikio yote mbili, akavuta uso wangu mpaka kwa mudomo wake.

"We Mama Rebeka, toa mikono! Neti yako inaniangushia nyumba!"

Yesu wangu. Nikatoka mbio, na kanisa yote ikafikiri ni sehemu ya sifa, bakanifuata kwa mvua banaimba.

Nje, neti imejaa, imevimba kama tumbo ya ng'ombe, maji imekosa njia, imegeuka, inalamba ukuta ya Mama Neema, na kona moja imeanza kulainika. Nikaingia kwa mufereji na ile robo, maji kwa kiuno. Mafundo, wapi! Nikauma na meno. Bwana moja wa kabaza, ile ya kubeba bantu na kinga, akasimamisha baiskeli yake, akaniita na Kichewa, "Amayi, tulukani!" nitoke. "Sitoke!" Pampers ikanigonga kwa shavu, sikutoka. Mpaka Mama Neema mwenyewe akaruka ndani na kisu ya jikoni, akakata kamba, na neti ikaachia ghafla, na mi bado nimeishika.

Sasa hapo maji ikanibeba. Matako chini, miguu mbele, majumbo kwa shingo, kitambaa ya kichwa imekwenda zake, nikapita mbele ya kanisa nzima (bakanyamaza, hiyo njo iliniuma kupita yote), mpaka kwa kidaraja ya soko, nikakwama. Mama moja muuza mandasi akainama kuniangalia. "Zikomo, amayi," akanishukuru, "mumetuletea na takataka yote?"

Ukuta ilibaki imesimama, ile kona tu njo ilianguka. Kesho yake nikafika na jembe, nikachimba udongo, nikaukanyaga na miguu yangu, na bamama ba korali bakakuja kupiga matofali na mi. Mama Neema alituletea chai, lakini kunisamehe hakuharakisha. Alikaa kwa mulango ananiangalia. "Kanyaga, Mama Rebeka. Jana kwa kichwa yangu ulikuwa na nguvu kuliko hiyo."

Mufereji sikuuacha, bantu basifikiri. Kila siku ya posho tunaingia na makoleo na magunia, tunatoa majumbo na mikono. Lakini neti haitagusa tena ule mufereji mi nikiwa muzima. Na mutu akiingia kanisani amelowana, anapunga mikono, mi simuombee bado. Kwanza namutoa nje, namuuliza maji imefika wapi.