Siku Niliyomsubiri Mheshimiwa Bamvua

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo nacheka peke yangu nikiosha vyombo, mpaka watoto wa hii ploti wananiuliza, "Auntie, kwani unaongea na nani?" Naongea na msichana niliyekuwa.

Nimesikia nawe unafunga begi. Siku hizi hapa Soweto West, Kibera, karibu kila mlango una mtu anayefunga begi, mmoja anaenda kwa Waarabu, mwingine anaenda kulea wazee kwa Wazungu, na wengi wenu mnaishia miji ya baharini. Mimi si mzee wa mkongojo, usiniangalie hivyo. Lakini waliokuwa wakitupa neno la safari wametangulia, na sasa mtu akitaka neno anabisha kwangu. Basi vuta hicho kiti. Chai bado iko motoni, na hadithi haina haraka.

Nilikuwa nasuka nywele soko la Toi. Sikusoma sana, lakini kuota niliota kuliko waliosoma. Ukutani kwetu kulikuwa na picha ya bahari, na mama alikuwa ananiambia, "Akinyi, hiyo maji utaimaliza kwa macho." Kwa hivyo mteja wangu mmoja aliponiambia kwamba Tanga, huko ng'ambo ya mpaka, wasusi wanaojua mitindo ya Nairobi wanatafutwa, na kwamba shangazi yake ana chumba cha kupangisha karibu kabisa na bahari, sikumngojea amalize sentensi. Nilienda.

Shangazi huyo aliitwa Bi Mwanaisha, mama mkubwa wa mwili na mdogo wa sauti, mjane, anaishi na mjukuu wake Zuhura, msichana wa rika langu mwenye ulimi kama wembe. Nilifika nikamsalimia yule bibi kwa furaha yote: "Sasa, mathe!" Akanitazama. Akamtazama Zuhura. Zuhura akasema, "Bibi, nadhani anakuamkia." Shikamoo nilikuwa nimeisoma shuleni, mwanangu, lakini huku kwetu ukimwambia mtu shikamoo anakushika paji la uso aone kama una homa.

Nikapewa chumba na kibaraza cha kusukia. Nikapanga vitana, nikatundika picha za mitindo, nikakaa. Hakuna aliyekuja. Wanawake walipita, wakasema, "Za kwako?", nikajibu, "Poa," wakaenda zao. Wiki ikapita, na nyingine. Nikajiambia, mwezi huu ukiisha bila hata kichwa kimoja, narudi Toi, na ile bahari niiage. Unajua uchungu wa kurudi Kibera mikono mitupu, wakati uliondoka mtaa mzima ukikupungia mkono? Kila asubuhi nilikuwa naamka na huo uchungu.

Sikujua kwa nini hawaji. Na kuuliza sikuuliza. Mtu wa Nairobi, mwanangu, hajui kusema hajui. Kila neno la Kitanga lililonipita nilikuwa nalijibu "sawa sawa" na kutabasamu. Nilidhani hiyo ndiyo adabu.

Sasa jioni moja nikamsikia Bi Mwanaisha akimwambia Zuhura uani, "Kesho asubuhi maji kupwa. Bamvua hilo, na la safari hii ni kubwa. Tutoke mapema twende ufukoni." Kisha akaniinulia sauti, "Akinyi, na wewe utakwenda?"

"Sawa sawa!" nikajibu.

Nilichosikia mimi ni maji kupewa. Maji, kupewa! Wewe umezaliwa hapa, unajua. Mtungi wa maji tunanunua, na bomba zikikauka bei inapanda hadi unaosha uso kwa hesabu. Na ni nani hutoa maji bure? Ni mtu anayetaka kura. Nikajua moja kwa moja kwamba Bamvua ni mheshimiwa, tena, kama alivyosema bibi, ni mkubwa. Nikampigia mama simu. "Mama, huku kuna mheshimiwa anaitwa Bamvua, kesho anapeana maji bure!" Mama akasema, "Mwambie akuje na hapa Soweto. Mwambie sisi pia tuna kura."

Niliamka kabla ya adhana. Nikachukua mitungi yangu miwili ya plastiki, nikashuka ufukoni, nikaona niko wa kwanza. Nikaipanga kwenye foleni, kama tunavyofanya hapa kwetu, mtungi unakushikia nafasi na wewe unapumzika. Niliiweka pale maji ya bahari yalipokuwa yanaishia, nikaipa bahari mgongo, nikakaa kuitazama barabara nikingoja lori la maji.

Jua likapanda. Lori hakuna. Mheshimiwa hakuna. Nikasema, hata huku wanachelewa. Nikageuka niangalie mitungi yangu.

Mwanangu, bahari haikuwepo.

Sizidishi. Palikuwa na matope yanayong'aa, na mawe, na majani ya kijani yamelala kama nywele zilizooshwa, na maji yenyewe yako mbali kule kama ufito mwembamba. Watu wetu ni wa upande wa ziwa. Ziwa likilala hapa, kesho utalikuta hapa. Nikashika kichwa, nikapiga kelele kuelekea barabarani, "Maji imeenda! Jamani, maji imeenda yote!"

Hapo ndipo wanawake wa mtaa walipotokea, vikapu mkononi, vijiti begani, kanga zimefungwa kiunoni. Zuhura alikuwa mbele.

"Imekwenda wapi?" akauliza.

"Sijui! Nimegeuka tu hivi!"

"Na madumu hayo?"

"Ni ya maji ya kupewa. Kwani mheshimiwa Bamvua bado hajafika?"

Zuhura akakaa chini. Hakuchuchumaa, alikaa kabisa kwenye mchanga, na kikapu chake. Mama mmoja akamshika mwenzake wasianguke. Mwingine akawa anauliza kwa machozi, "Bamvua wa chama gani, mwanangu?" Kicheko kile kilienda kikirudi, kikiisha kwa huyu kinaanza kwa yule. Nami nikainua mitungi yangu kimya kimya. Nilikuwa nimeshaamua. Nafika chumbani, nafunga begi, hata mwezi simalizi.

Bi Mwanaisha akanishika mkono. Yeye alikuwa amecheka kama wenzake, macho bado yamelowa. Lakini alipofungua mdomo, wote wakamgeukia.

"Kupwa, mwanangu, ni maji kurudi nyuma. Bamvua ni pale yanapokwenda mbali kupita siku zote, halafu yakaja kwa wingi. Neno usilolijua si aibu. Aibu ni hiyo sawa sawa yako. Tangu uingie kwangu, kila nikwambialo, sawa sawa. Nikakwambia akija mtu kibarazani mkaribishe aketi, sawa sawa, na watu umewaacha wanapita. Nikakwambia paka amezalia uvunguni mwa kitanda chako, sawa sawa. Umewatazama watoto wake?"

"Uvunguni ni wapi, bibi?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Chini ya kitanda!"

Mungu wangu. Kumbe ile sauti ya usiku! Nilikuwa nimesikia habari za majini ya Tanga, na kila ikilia nilikuwa najifunika shuka na kuimba nyimbo za kanisani. Nikawaambia. Basi hapo hata Bi Mwanaisha aliniachia mkono akashika mbavu, na mimi mwenyewe, sijui kicheko kilitoka wapi, nikacheka hadi nikaketi kando ya Zuhura. Nilikuwa sijacheka na watu tangu nivuke mpaka.

"Mtu akikujibu sawa na hakuelewa," bibi akamalizia, "amekufungia mlango huku akitabasamu. Sasa madumu yaweke pale juu. Hakuna wa kuyaiba, labda Bamvua. Vua viatu, twende. Na leo uulize mpaka tuchoke."

Niliuliza, mwanangu! Tulitembea pale bahari ilipokuwa imelala, maji ya vuguvugu kwenye vifundo vya miguu, na kila hatua nilikuwa nauliza. Hii? Mwani. Hiki? Kidimbwi. Na hii nyota nyekundu yenye vidole vitano? "Hicho ni kiti cha pweza," akasema Zuhura. Nikauliza, na mwenyewe yuko wapi, ameenda kukojoa? Wakacheka tena, lakini safari hii nilikuwa nimewachekesha kwa kutaka. Tukafika kwenye mikoko, kaa wadogo wanakimbia na jicho juu kama askari wa jiji, kanjo, wamewafuata. Zuhura akachokoa pweza kwenye shimo la mwamba, akanitupia mkononi, yule pweza akanishika kwa mikono yake yote minane, nikaruka nikaita majina ya watakatifu. Maji yalipoanza kurudi, bibi aliona kabla yetu, akasema, "Haya, mwenye nyumba anarudi," nasi tukatoka polepole tukiimba.

Kesho yake akaja mama mmoja kibarazani. Nikasimama, nikasema, "Shikamoo mama, karibu uketi." Akaketi. Akasema hakuja kusuka, amekuja kusikia habari ya Bamvua kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamsimulia. Alipomaliza kucheka akafungua mtandio, akasema, "Haya, nisuke basi." Wakafuata wengine, na binti zao. Mwezi uliisha nikiwa na watu kwenye foleni. Miaka yote niliyokaa Tanga jina langu halikuwa Akinyi, lilikuwa Bi Bamvua, na nililiitikia kwa raha mpaka mama alipozeeka nikarudi kumtunza.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana chai imechemka. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na ugeni ni vilevile. Unakoenda utakuta maneno yanayofanana na yako na si yako. Usiitikie usichokielewa. Sema "sijui," tena iseme mapema, kabla haijawa ghali. Salamu yao ijifunze kabla ya kutafuta kazi yao. Na watu wakikucheka, usikimbilie begi. Tazama kwanza kama kwenye kicheko hicho kuna nafasi ya wewe kukaa. Mara nyingi ipo. Asiyeuliza, wazee walisema, hana ajifunzalo. Nami naongeza, hana hata wa kucheka naye.

Nenda basi. Mungu akutangulizie wenyeji wenye subira, akupe masikio mapana na moyo mwepesi. Nchi ya watu ikupokee kwa majina mapya ya utani, na siku yoyote utakayorudi, ukute sisi wako tuko. Amina, mwanangu. Sasa nipe kikombe chako.