Shela Iliyosimama Yenyewe Mezani

Leo nusura niharibu harusi ya mtu kwa wanga wa muhogo.

Mimi ni karani tu wa karakana ya ushonaji hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Sishoni. Lakini ile karatasi inayowekwa chini ya kitambaa chepesi ili cherehani isikikunje ilikuwa imekwisha, mjini Mbarara ni mbali, na mteja wetu Esta anaolewa kesho, shela yake bado haijatariziwa.

Nikasema kwa sauti ndogo, "Tujaribu wanga?"

Sijui nani alinituma.

Mama Neema, fundi wetu, akailoweka shela kwenye wanga. Ilipokauka ikakakamaa kama karatasi, tukaipiga pasi, naye akaitarizi maua meupe. Yalitoka mazuri ajabu.

Kisha Esta akaingia, mapema kuliko tulivyomtarajia. Shela ilikuwa imesimama mezani yenyewe.

"Yesu wangu! Hii ni shela ao ni bati?"

"Tulia, mutoto," Mama Neema akamwambia. "Tunaiweka mu maji."

Ndani ya beseni la maji ya vuguvugu ikalegea taratibu, ikatanda, na maua yakaelea kana kwamba yanachanua humo humo.

Nikamsihi Esta aiache ikauke. Hakunisikia. Aliivaa vilevile, ikichuruzika, akashika njia ya kwao polepole, jua likimetameta kichwani pake. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya mashine ya unga wakaweka ndoo chini, wakapiga vigelegele vya kesho leo.

Mimi nimesimama mlangoni, mikono bado inanata.

Jamani, ninyi mngemzuia?