Siku ya Rufaa ya Kaka Halinga

Nikiikumbuka siku ya rufaa ya kaka yangu, mwanangu, miguu hii mibovu bado inataka kusimama. Tangu tushuke kwenye basi kutoka kijijini kwetu Itaka sikukaa. Nilizunguka uani mwa mahakama mpaka askari akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kaka Halinga alikuwa amehukumiwa kunyongwa. Aligombana na rafiki yake Enoki kilabuni wakinywa pombe ya komoni, akamkata panga, Enoki akafa. Hilo hata sisi hatukulipinga. Lakini hukumu ilisema alikwenda kilabuni na panga, kwa hiyo alikwenda kuua. Na aliyesema alikuja na panga ni Mama Tusekile, muuza pombe. Nilimchukia sana. Tukikutana njiani, nilikuwa simwamkii.

Baba akaliona. "We binti, yule mama kasema alichokiona. Ulitaka aseme kaja na Biblia?"

Nikanuna.

Basi wakili wetu akasimama mbele ya majaji watatu, akawaonyesha neno ambalo Mama Tusekile alilisema mara moja tu alipohojiwa kwenye kesi ya kwanza, likapita hivi hivi. Ilikuwa siku ya kusafisha mashamba ya kahawa. Wanywaji wote walitoka shambani, na mapanga yao yote yaliegemezwa ukutani kwake. Sisi ndugu hatukuwahi hata kumwambia wakili, maana kwetu nani asiyejua? Jaji hajui, mwanangu. Hakukulia Itaka.

Siku za kungoja uamuzi sikulala wala kula vizuri. Ukasomwa: Halinga aliua bila kukusudia. Kunyongwa kukafutwa, akapewa kifungo cha miaka. Nikapiga kigelegele palepale. Kisha nikamwona mama yake Enoki, amekaa peke yake, ananitazama. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha.

Sasa wewe kesho unakwenda kutoa ushahidi wa ule ugomvi wa Tunduma uliomuua mtu, na tangu asubuhi nakuona hutulii. Usitulie, ni sawa, maana ni maisha ya mtu. Sema ulichokiona, chote, hata kile unachodhani kila mtu anakijua. Usimwongezee yeyote, usimpunguzie. Na kesi ikiisha, yeyote atakayeshinda, kabla hujashangilia mtafute kwanza mama wa marehemu amekaa wapi.

Mungu aulinde ulimi wako, mwanangu, na mkono wako usije ukamliza mama wa mtu. Nenda kwa amani.